Kiongozi wa wazamiaji ampe mgeni uhuru kiasi gani?

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 kufuatia Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Miongoni mwa shughuli zinazowavuta wageni hifadhini humo ni kuzamia kwa mtungi wa hewa, ndani ya Ghuba ya Chole na nje yake. Hapo ndipo linapozuka swali linaloonekana dogo: kiongozi wa kundi amwachie mzamiaji uhuru kiasi gani akiwa chini ya maji?

Wageni wengi huja na vyeti. Cheti cha ngazi ya awali humtambua mhusika kuwa anaweza kuzamia hadi mita 18 pamoja na mwenza, bila kuongozwa, katika mazingira yanayofanana na yale aliyojifunzia. Ngazi inayofuata hufikia mita 30. Kwa maana hiyo mwenye cheti si mwanafunzi, na kumtaka afuate mapezi ya kiongozi muda wote ni kumnyima alichokitolea jasho na fedha. Hoja hii ina nguvu, ila isisahauliwe sehemu ya "mazingira yanayofanana". Aliyejifunzia katika ziwa tulivu la Ulaya hajakutana na Mlango wa Kinasi wakati wa bamvua, maji yanapotoka ghubani kwa kasi kuelekea bahari kuu. Akiachana na kundi hapo, anaweza kuibuka mbali na boti. Na msimu wa kusi, kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani kwa urahisi.

Lipo pia suala la hewa. Katika kina cha mita 10 kanieneo huwa maradufu ya ile ya juu ya maji. Katika mita 20, mara tatu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa, lakini kadiri mtu anavyoshuka ndivyo kila pumzi inavyokula zaidi. Mwenye hofu humaliza mapema. Baadhi ya viongozi huwapandisha wote pindi wa kwanza anapofikia baa 50, utaratibu ulio salama lakini usiowapendeza wazoefu.

Kwa maoni ya mwandishi, kipimo kiwe hali ya maji. Ndani ya ghuba, wakati wa maji mafu, wenza wawili wanaweza kwenda kwa mwendo wao wakiwa wanaonekana, na walioishiwa wapande na boya lao, wakisimama dakika tatu katika mita 5, huku boti ikiwasubiri. Hilo linadai nahodha anayetazama maji, si simu. Mlangoni, wakati wa bamvua, kundi liwe moja bila kujali cheti.

Masharti hayo yatamkwe botini kabla ya kushuka: kina, kiwango cha hewa cha kutoa ishara, na kwamba aliyepoteana na mwenza wake atafute kwa dakika moja tu, kisha apande. Naye kijana wa Mafia anayeongoza kazi hiyo anahitaji kuwa na uhakika kwamba mwajiri atamuunga mkono anapomkatalia mgeni kushuka Kinasi maji yakitoka, hata kama mgeni huyo ameshalipa.