Diski Zinapopangwa Upya, Usitoe Mikono

Wasimamizi wa seva wana kanuni wanayorithishana: ukishaamuru diski zipangwe upya, toa mikono, usiguse kitu mpaka kazi iishe. Woga huo una chimbuko. Data yote inasomwa, inahamishwa na kuandikwa mahali papya, na mtu asiyejua anachofanya anaweza kuipoteza. Hata hivyo kanuni yenyewe ina kasoro, na wanaoumia ni watumiaji wa seva.

Chukua safu ya RAID 5 ya Linux, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, yenye diski nne za terabaiti 8 kila moja, unayoiongezea ya tano. Linux huanza na mipaka miwili ya kasi kwa kila diski: wa chini ni kilobaiti 1,000 kwa sekunde, wa juu 200,000. Seva ikiwa imetulia, kazi hukimbia kadiri diski zinavyoweza. Watu wakianza kusoma na kuandika, mfumo huipunguza ili kuwapisha, na hauahidi kuipa zaidi ya mpaka wa chini. Piga hesabu: kwa kasi hiyo ya chini, terabaiti 8 zitachukua kama miezi mitatu. Kwa kilobaiti 50,000, hazifiki siku mbili. Basi anayesema ameiacha ijiendee, ameacha namba zilizowekwa na mtu asiyeijua seva yake ziamue.

Kuisukuma kwa nguvu zote nako ni balaa. Ukipandisha mpaka wa chini hadi 100,000 saa nne asubuhi, kichwa cha diski ya kuzunguka kitashinda kikiruka kati ya kazi mbili, na karani anayetafuta jalada la mgonjwa atasubiri mbele ya skrini iliyoganda. Mpaka huo ushushwe mchana, upandishwe usiku. Unaandika namba mpya katika sync_speed_min, ndani ya /sys/block/md0/md kama safu yako inaitwa md0, na inaanza kutumika papo hapo bila kusimamisha chochote. Unachobadilisha ni mwendo tu. Mpangilio wa data haujaguswa. Hapo ndipo wenye woga wanapochanganya mambo mawili.

Kufuatilia nako ni rahisi. Faili ya /proc/mdstat inaonyesha asilimia iliyokamilika, kasi ya sasa na dakika zilizobaki. Dakika hizo zinakadiriwa kwa kasi ya muda mfupi uliopita, kwa hiyo zitapanda na kushuka. Mwangalizi makini husoma mara kadhaa kabla ya kumtajia bosi siku ya kumaliza.

Na umeme ukikatika? Linux huweka alama ya ilipofikia kwenye diski zenyewe, na safu ikiwashwa tena huendelea kutoka hapo. Uangalifu unahitajika zaidi pale mdadm, programu ya kusimamia RAID kwenye Linux, inapodai faili ya akiba, kwa mfano unapobadilisha aina ya RAID. Faili hiyo ikae kwenye diski iliyo nje ya safu inayopangwa, na isifutwe kabla kazi haijaisha. Nakala rudufu iwe imechukuliwa kabla ya amri ya kwanza, na mdadm iachwe ikifuatilia safu na kutuma barua pepe diski inapokufa, kwa sababu RAID 5 iliyopoteza diski moja katikati ya kazi hiyo haiwezi kuvumilia kupoteza ya pili.