Trading Places: haya, na machungwa kachuma nani?

Wadau wa vichekesho wanaijua stori hii hata kama jina limewatoka. Trading Places, filamu ya mwaka 1983, muongozaji John Landis. Kuna Winthorpe (Dan Aykroyd), kijana wa kitajiri wa Philadelphia, nyumba anayo, mtumishi anaye, mchumba anaye. Halafu kuna Billy Ray Valentine (Eddie Murphy), ombaomba wa mtaani anayejifanya kipofu na miguu hana. Wazee wawili ndugu, akina Duke, pesa zimewazidi, wanabishana: mtu anakuwa alivyo kwa damu yake au kwa malezi? Basi wanawabadilisha. Winthorpe anasingiziwa wizi na madawa, kazi imekwenda, benki inamfungia akaunti, mchumba anamkana mchana kweupe. Billy Ray anaokotwa, anaogeshwa, anakabidhiwa nyumba na ofisi. Dau la mchezo wote huo ni dola moja. Moja tu yakhe.

Hapo ndipo filamu hii inapovipita vichekesho vingi vya kwetu. Majina yakae kapuni, lakini wachekeshaji wetu wakimpa maskini utajiri lazima wamfanye mjinga: anakunywa maji ya kunawia, anaikimbia lifti, tai anaifunga kama kamba ya mbuzi. Billy Ray siku ya kwanza ofisini anawaeleza mabosi kwa nini bei ya nyama ya nguruwe (msinune, ndo biashara yao) inashuka karibu na Krismasi: watu wanaogopa kukosa hela za zawadi, wanauza haraka. Akili alikuwa nayo tangu zamani, kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza. Ile sehemu ya kwenye treni, Aykroyd kapakwa rangi nyeusi usoni, hiyo haichekeshi, ni aibu tu.

Lakini kuna kitu kingine, na anayetaka kukiona vizuri aiangalie filamu hii akiwa Gombani msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa na harufu imejaa mpaka ndani.

Mwisho wa filamu ni soko la juisi ya machungwa, New York. Akina Duke wamehonga mtu awaibie ripoti ya serikali ya mavuno kabla haijatangazwa. Winthorpe na Billy Ray wanaibadilisha, wazee wanapewa ya uongo inayosema mavuno mabaya. Wazee wananunua kama wamechanganyikiwa. Vijana wanauza, tena wanauza kitu ambacho hawana, kwa ahadi ya kukileta mbele, bei iko senti 142. Ripoti ya kweli inasomwa: mavuno mazuri. Bei inaporomoka mpaka senti 29, vijana wananunua kwa bei ya bure kutimiza ahadi, akina Duke wanadaiwa dola milioni 394. Marekani ilikuja kuupiga marufuku mchezo wa aina hiyo mwaka 2010, na watu wakaiita kanuni ya Eddie Murphy.

Ukumbi mzima unashangilia. Haya, na machungwa kachuma nani? Hayumo. Mkulima hayumo, mchumaji hayumo. Waliobadilishana maisha ni watu wa mjini, na maskini alipopanda hakupanda kwa jasho, kapanda kwa kuijua bei kabla ya wenzake.

Pemba somo hilo wamelisoma bila kufika New York. Indonesia ndo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek. Ikapanda mikarafuu yake, ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Nani aliyekuwa juu ya mti Chake Chake aliulizwa kitu?

Leo mnunuzi kisheria ni mmoja, ZSTC, na bei inatangazwa. Miaka ya 2010 daraja la kwanza lilikaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo misimu kadhaa. Anayevusha kwa chombo usiku kwenda Kenya, huyo ni magendo. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, mana bei haichezewi asubuhi na jioni kama kwa akina Duke. Sawa. Ila mchumaji analipwa kwa pishi, na tawi la mkarafuu likivunjika halitoi taarifa.

Akina Duke wenyewe wanaonekana tena kwenye Coming to America, 1988, wamelala nje kama ombaomba. Mwanamfalme wa Murphy anapita, anawaachia furushi la noti. Hata kufilisika, matajiri wana bahati yao.

Basi anayetaka kutengeneza filamu ya kubadilishana maisha hapa kisiwani, suti aziache. Amchukue mpanga bei mmoja, amvue viatu, ampandishe mkarafuu asubuhi moja na kikapu chake. Akishuka, achambue mwenyewe makonyo, aanike, avizie mvua, halafu apange foleni kituoni aambiwe zake ni daraja la tatu.