MWANAFUNZI ANAWEZA KUMWOKOA ALIYEZAMA



Mwezi huu tuiache mikorosho kidogo, tuzungumze juu ya maji.

Sisi wa Mtwara tunaishi na maji. Wa Msanga Mkuu huvuka ghuba kwenda mjini. Wa Msimbati huvua. Wa Kilambo huvuka mto Ruvuma. Penye maji mengi hivi, watu huzama. Aliyezama akikosa hewa kwa dakika 4 hivi, ubongo huanza kuharibika. Je, utamfikisha hospitali ya Ligula kwa dakika 4 kutoka Msimbati? Hata kwa gari huwezi. Wa kumwokoa ni yule aliye pale ufukweni, na mara nyingi huyo ni mwanafunzi.

Norwe ilianza kufundisha kazi hii shuleni mwaka 1961. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono watoto wafundishwe tangu miaka 12, saa 2 kila mwaka. Saa 2 tu! Gwaride lachukua zaidi.

Walimu, msingoje vifaa. Mwiteni mganga wa zahanati aonyeshe. Mto mgumu wa sufi watosha kwa mazoezi. Wanafunzi wasikandamizane vifua wao kwa wao, maana mzima huweza kuumia.

Kwanza, usijitose ovyo. Mtupie kamba au dumu tupu, au mnyoshee upondo. Akishatolewa, mwite na kumtikisa. Haitiki, hapumui? Kutweta kama samaki aliyevuliwa si kupumua. Mtume mtu akatafute gari. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake, kichwa kilale nyuma. Mbane pua, ufunike mdomo wake kwa wako, umpulizie mpaka kifua kiinuke. Fanya hivyo mara 5.

Akiwa bado, weka kiganja katikati ya kifua, na cha pili juu yake. Nyosha mikono. Kandamiza sentimita 5 hivi, uache kifua kiinuke, ukandamize tena. Fanya mara 30, kwa kasi ya karibu mara 2 kila sekunde. Kisha mpulizie mara 2. Rudia. Kazi hii inachosha, basi pokezaneni kila dakika 2. Msiache mpaka apumue au mganga afike.

Wazee wangu, mniwie radhi. Kumning'iniza aliyezama kichwa chini, au kumkamua tumbo, hakumsaidii. Muda unapotea, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Binti wa kidato cha pili aliyefundishwa akisema, "Nipisheni," mpisheni. Msimwambie kwamba ni mtoto, wala kwamba si heshima kumgusa mwanamume.

Akizinduka, mlazeni kwa ubavu na kumfunika nguo kavu. Kisha mpelekeni hospitali, hata akisema amepona. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia baada ya saa kadhaa.