LESENI BILA YA KITI

Kijiji cha Gando, katika Wilaya ya Wete, kimelea mabaharia tangu enzi za mababu. Kila mtoto aliyekulia pwani ile anajua kwamba hakuna nahodha aliyekabidhiwa sukani siku ya kwanza. Huanza kwa kufua maji ngamani, akafuata kushika kamba za tanga, kisha siku moja, bahari ikiwa shwari na nahodha ameketi karibu yake, hupewa sukani kwa muda. Ajabu ni kwamba utaratibu huu, ambao wazee wetu waliujua bila ya kuandikiwa, hatujauweka sawasawa katika kazi mpya ambayo vijana wa visiwa hivi wanaitamani, nayo ni kazi ya kurusha ndege.

Tuseme kijana wa Gando amemaliza skuli na kufaulu vizuri hisabati na fizikia. Wazazi wake wanauza shamba la mikarafuu, ndugu walio mjini wanachanga, na kijana anapelekwa nchi ya nje, kwani mafunzo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Baada ya muda anarejea na leseni ya urubani wa biashara. Dua inasomwa, jamaa wanafurahi, na majirani wanaanza kumwita rubani. Kisha hupita mwezi, hupita mwaka, na rubani bado yuko barazani. Kila mlango anaoubisha hujibiwa kwa swali moja: una saa ngapi za kuruka?

Swali hilo si la dharau. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 aweza kupata leseni ya biashara akiwa na saa 200 angani, au 150 iwapo amefundishwa mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Lakini ili awe rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, inayorushwa na marubani wawili, hana budi kupata leseni ya juu, ambayo huhitaji saa 1,500 na umri wa miaka 21. Kati ya saa 200 na saa 1,500 pana pengo la saa 1,300. Pengo hilo halijazwi darasani. Hujazwa angani, ndani ya ndege ambayo mafuta yake yanalipiwa na mtu mwengine.

Na wakati wote huo kijana hangoji bure. Kabla ya kufika miaka 40, cheti chake cha afya hudumu miezi 12 tu, kisha hana budi kupimwa upya. Ili aruhusiwe kubeba abiria, yampasa awe amepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Haya yote yana gharama, naye hana mshahara. Kwa hiyo yule aliyerudi na leseni na deni, mwaka wa pili ana deni kubwa zaidi na mkono mzito zaidi. Shamba la mikarafuu limekwisha kuuzwa, na mnunuzi harudishi.

Yafaa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Safari nyingi za ndege kati ya Unguja na Pemba hufanywa na makampuni binafsi yenye ndege ndogo, kama vile Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria kama 12. Ndege hiyo imetengenezwa ili iweze kurushwa na rubani mmoja. Rubani huyo yuko peke yake juu ya bahari, katika upepo wa kusi na mawingu ya masika, na kampuni ya bima hutaka kujua ana uzoefu gani kabla ya kukubali kuikatia bima ndege. Mwenye ndege akimweka rubani mchanga katika kiti cha kulia, amepoteza nauli ya abiria mmoja na amejiongezea mshahara. Hatuwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kupiga hesabu. Lakini pale hesabu za mmoja mmoja zinapoiumiza nchi nzima, ni wajibu wa Serikali kuzibadilisha.

Haikuwa hivi daima. Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, nchini Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 ili kuzihudumia nchi za Afrika Mashariki, na nchi hizo hizo zilikuwa na shirika moja la ndege. Chuo na ndege vilikuwa vya wenyewe wamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile lilikufa, na Tanzania ikaunda shirika lake mwaka huo huo. Tangu hapo njia ya chuo na njia ya ndege zimetengana, na kijana ameachiwa aruke pengo lililo katikati kwa miguu yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 Taifa limelifufua shirika lake kwa kununua ndege mpya, zikiwemo za Bombardier, Airbus na Boeing. Kila moja ya ndege hizo haina budi kuwa na marubani wawili, na hilo ni jambo la kheri kwa vijana. Lakini mwaka 2022 baadhi ya ndege za Airbus za shirika hilo zilisimamishwa kwa sababu ya hitilafu za injini zilizotoka kiwandani. Ndege ikisimama, na kiti cha rubani msaidizi kimesimama nayo. Funzo ni kwamba matumaini ya vijana wote hayawezi kuwekwa katika chombo kimoja.

Hali kadhalika, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Dar es Salaam kimeingizwa katika mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia ili kiwe kituo cha umahiri katika usafiri wa anga. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo tusijidanganye: chuo huongeza wenye leseni, hakiongezi viti. Ethiopia ilifanikiwa kwa sababu chuo chake cha marubani kiko chini ya shirika lenyewe la ndege, na anayefundishwa hufundishwa kwa ajili ya kiti kinachojulikana.

Sisi tunaona kuwa hatua tatu zinawezekana bila ya kungoja miujiza.

Kwanza, ni suala la kanuni. Rubani mchanga akikaa tu kando ya mwenziwe katika ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja, saa hizo si zake. Lakini kanuni za kimataifa zinasema kwamba nchi ikiagiza ndege ya namna hiyo irushwe pamoja na rubani msaidizi, basi msaidizi huyo aweza kuhesabiwa hadi nusu ya saa zake. Na ndege ikiwa na vifaa kamili vya msaidizi na ikirushwa kwa utaratibu wa marubani wawili, nchi yaweza kumruhusu ahesabiwe zote. Safari ya Unguja na Pemba ni kama nusu saa. Saa 1,300 ni safari 2,600. Kwa safari sita kwa siku, ni siku za kazi zipatazo 430. Akihesabiwa nusu tu, muda huo huwa maradufu. Tofauti hiyo yote imo katika kalamu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Na kwa kuwa usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inapaswa kulifikisha suala hili huko, kwa hoja na kwa takwimu.

Pili, ni suala la fedha. Serikali inayokubali kumkopesha kijana asome isimwache mlangoni mwa kazi. Sehemu ya mkopo itengwe kufidia kiti hicho cha kulia kwa muda maalumu, na kijana naye afungwe kwa mkataba wa kuitumikia kampuni hiyo miaka kadhaa baada ya kuiva. Marejesho ya mkopo yaanze anapopata mshahara.

Tatu, ni suala la haki. Nafasi hizo zitangazwe hadharani, zisomeke Gando kama zinavyosomeka mjini, na mtoto wa mvuvi apimwe kwa mtihani ule ule anaopimwa mtoto wa mkubwa. Nafasi zikigawiwa kwa kujuana, mpango mzima utakufa kabla ya kuzaliwa, na wananchi watakuwa na haki ya kuunung'unikia.

Vijana nao wasichague kazi. Aliyekosa kiti cha rubani akubali kuanza katika ofisi ya kampuni ya ndege, akipanga safari na mizigo. Au asomee ualimu wa urubani, kwani mwalimu naye hujikusanyia saa akiwa kazini. Au akubali viwanja vya vumbi vya bara, mbali na mji. Na wazazi, kabla ya kuuza shamba, waulize si ada ya chuo peke yake, bali na gharama ya miaka miwili itakayofuata. Anayeuza mikarafuu yote kwa ajili ya leseni hana kitu cha kumtunza mwenye leseni.

Ndege huruka kati ya visiwa hivi viwili kila siku, na kiti cha kulia ama hukaa kitupu ama hukaliwa na abiria. Tuanze na kiti hicho.