Jibu Bila Njia: Shule Zetu na Programu za Kompyuta Zilizofungwa

Kila mwalimu wa hisabati humwonya mwanafunzi wake asiandike jibu peke yake. Hata jibu likiwa sahihi, msahihishaji hutaka kuiona njia: hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka mahali jibu lilipopatikana. Sababu yake ni wazi. Jibu humwambia msomaji jambo moja tu. Njia humwezesha kupima, kukosoa, na kulitumia wazo lile lile katika swali jingine. Sayansi yote imejengwa juu ya desturi hiyo. Hata hivyo, linapofika somo la kompyuta, shule zetu nyingi huwafundisha vijana kwa vyombo ambavyo njia yake imefichwa kwa makusudi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kutoa hoja kwamba haifai kuachwa iendelee.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Programu ya kompyuta huwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni maandishi asilia, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kwa lugha ya kompyuta, ambayo binadamu mwenzake aliyejifunza anaweza kuyasoma. Sura ya pili hupatikana maandishi hayo yanapogeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu 0 na 1, ambao mashine huutekeleza lakini mtu hawezi kuusoma kwa urahisi. Kampuni inayouza programu iliyofungwa humpa mnunuzi sura ya pili peke yake, na leseni yake humkataza kuigawa na mara nyingi hata kuichunguza. Programu huria hutolewa pamoja na maandishi yake asilia, na leseni yake humpa kila mtu ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kumpa mwingine nakala, na kueneza nakala aliyoibadili.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Si kweli kwamba programu zilikuwa bidhaa ya siri tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mteja alilipia mashine, na programu zilikuja pamoja nayo. Mwaka 1955 watumiaji wa mashine za IBM nchini Marekani waliunda chama kilichoitwa SHARE, ambacho kazi yake mojawapo ilikuwa kubadilishana programu. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza baadhi ya programu mbali na mashine. Mwezi Februari 1976 kijana wa miaka 20, Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta ndogo barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakitumia programu yake bila kuilipia. Aliuliza ni nani angeweza kufanya kazi ya kitaalamu pasipo malipo.

Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Mwandishi wa programu hula, hulipa kodi ya nyumba na husomesha watoto kama fundi mwingine yeyote. Lakini biashara iliyojengwa juu ya siri ilizaa tatizo jingine. Programu moja ikishaenea mno, siri yake huwa silaha: washindani hawajui namna ya kuzifanya programu zao zielewane nayo, na mteja hawezi kuhama bila kuacha kazi zake nyuma. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, na mwaka 2001 mahakama ya rufani, ingawa ilitengua amri ya kuigawa kampuni hiyo vipande viwili, ilikubali kwamba ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, ikaiamuru pia itoe maelezo yatakayowezesha programu za wengine kuwasiliana na zake. Basi hata mahakama na serikali za nchi tajiri zilitambua kwamba kuificha njia si suala la biashara peke yake.

Jinsi ulivyofunguliwa

Mwezi Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angekuwa huru kuusoma na kuubadili. Aliuita GNU. Mwaka 1989 alitoa leseni yenye hila njema ya kisheria. Leseni hiyo hutumia haki ya mwandishi, ile ile inayotumiwa kufunga programu, ili kuilinda isifungwe: anayeieneza programu hiyo baada ya kuibadili hana budi kutoa mabadiliko yake kwa masharti yale yale. Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba alikuwa akiandika kiini cha mfumo endeshi. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni hiyo. Kiini hicho ndicho Linux.

Wengi walidhani huo ni mchezo wa wanafunzi. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliifananisha Linux na saratani. Lakini tangu mwezi Novemba 2017 kila moja ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote zilizoorodheshwa duniani imekuwa ikiendeshwa kwa Linux. Simu za Android zinazojaa mifukoni mwetu nazo hutumia kiini hicho hicho. Na mwaka 2018 Microsoft yenyewe ilikubali kulipa dola bilioni 7.5 ili iinunue GitHub, ghala ambamo waandishi wa programu huria duniani huhifadhi kazi zao.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba vita vimekwisha. Kampuni kubwa zimejifunza kuipokea programu huria kwa mkono mmoja na kuufunga mlango kwa mkono mwingine. Maandishi asilia ya Android yapo wazi, lakini duka la programu na huduma nyingi zinazoambatana nalo ni mali iliyofungwa ya Google. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu. Uhuru wa kusoma kiini hausaidii sana ikiwa yote yanayokizunguka yamefungwa kwa kufuli.

Hoja za upande wa pili

Ni haki kuzisikiliza hoja za wale wasiokubaliana nasi. Ya kwanza ni usalama. Husemwa kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama: ikiwa kila mtu anaweza kuandika, nani atawajibika? Mifano ipo. Mwezi Aprili 2014 iligunduliwa kasoro katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilikuwa imekaa humo kwa miaka 2 hivi, kwa kuwa programu iliyotumiwa na mamilioni ilitunzwa na watu wachache mno. Tena mwezi Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejipatia uaminifu kwa zaidi ya miaka 2 alikuwa amepenyeza mlango wa siri katika programu iitwayo xz.

Lakini tuangalie mlango huo ulivyogunduliwa. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuridhika, akafuatilia, akayasoma maandishi, akakuta hila. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu njia ilikuwa wazi. Programu zilizofungwa nazo zina kasoro zake: tarehe 19 Julai 2024 marekebisho mabaya ya kampuni ya ulinzi wa kompyuta CrowdStrike yaliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, na viwanja vya ndege na hospitali vikasimama. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa programu iliyofungwa tunakilalia kitanda na kuumwa, lakini haturuhusiwi kuinua godoro.

Hoja ya pili ni kwamba programu huria si bure kama inavyodaiwa. Hoja hii ni ya kweli. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Lakini mwaka 2017 baraza la jiji liliamua kurudi Windows. Kwa upande mwingine, Gendarmerie ya Ufaransa ilianza kubadili programu za ofisini mwaka 2005 na mfumo endeshi mwaka 2008, na haikurudi nyuma. Tunajifunza kwamba programu huria hutaka watu waliofunzwa na viongozi wasioyumba. Fedha inayookolewa kwenye leseni lazima sehemu yake itumike kuwasomesha mafundi. Tofauti ni kwamba ada ya leseni huondoka nchini, na ujuzi wa fundi hubaki.

Mifano ya Afrika Mashariki

Sisi si wageni katika kazi hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, wala kungoja kampuni ya ng'ambo ipige hesabu kama wasemaji wa Kiswahili watalipa gharama. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake baadaye. Na Oracle ilipoinunua kampuni iliyokuwa ikiitunza OpenOffice, mwaka 2010, waandishi wengi walichukua maandishi yale yale wakaanzisha LibreOffice, ambayo inaendelea hadi leo. Programu iliyofungwa hufa mwenyewe akiamua ife; programu huria huweza kurithiwa.

Katika afya, mfumo wa OpenMRS ulianza mwaka 2004 kutokana na haja ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI huko Eldoret, Kenya. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za zahanati na hospitali. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inautumia. Vijana wa Afrika Mashariki wamo miongoni mwa wanaoirekebisha mifumo hii ili ifae mahitaji ya kwetu. Wao walifundishwa kuiona njia.

Wajibu wa shule

Jambo hili sasa limebisha hodi madarasani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa mipango maalumu ya muda. Windows 11 huzikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, ingawa vipuri vyake vingali vizima. Shule iliyopewa msaada wa kompyuta kuukuu inaambiwa kwamba mashine zake zimezeeka, na aliyetoa hukumu hiyo yuko mbali nayo. Kompyuta hizo hizo zinaweza kupewa mfumo wa Linux na kuendelea kufundishia kwa miaka kadhaa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Watu watauliza: waajiri wanataka vijana wanaojua Word na Excel, je, hatutawanyima kazi? Jibu letu ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa jedwali ni nini, na fomula hufanyaje kazi, atahamia programu yoyote kwa siku chache. Aliyekariri mahali pa kubofya atapotea siku kampuni itakapobadili sura ya programu yake. Wala hatusemi kwamba programu zilizofungwa zitupwe. Nyingine ni nzuri sana, na mtu binafsi ana hiari ya kuzinunua. Tunasema kwamba elimu ya umma isijengwe juu yake peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, muhtasari wa somo utaje ujuzi, yaani kuandika hati, kutumia jedwali na kutunga programu, wala usitaje bidhaa ya kampuni fulani. Pili, mitihani na kumbukumbu za shule zihifadhiwe katika muundo wa wazi, kama ule wa OpenDocument uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, ili zisomeke hata baada ya kampuni yoyote kufa. Tatu, programu inayoandikwa kwa fedha ya wananchi iwe na maandishi yake asilia mikononi mwa wananchi. Nne, na hili ndilo kubwa, tusiwe walaji tu. Heartbleed ilitufundisha kwamba shamba la wote lisilopaliliwa humea magugu.

Mwalimu hahitaji kungoja waraka kutoka juu ili aanze. Achukue programu huria ndogo, ya kikokotoo kwa mfano, awaonyeshe wanafunzi maandishi yake asilia, awaache wabadili mstari mmoja na kutazama kinachotokea. Wengine waitafsiri menyu yake kwa Kiswahili fasaha. Anayekuta kasoro aieleze kwa waandishi wake kwa adabu na kwa usahihi, kama mwanasayansi anavyoripoti jaribio. Katika kazi hiyo kijana wa kidato cha tatu atagundua jambo ambalo programu iliyofungwa haiwezi kumfunza: kwamba kompyuta haina uchawi, imeandikwa na watu, na yeye ni mmoja wa watu wanaoweza kuiandika.