Msanii wa Kanisa Asiagizwe Kuiga

Kamati zetu za ujenzi zina desturi mbaya. Humwita mchoraji, humkabidhi picha iliyokatwa kwenye kalenda, na kumwambia: "Tuchoree hivi hivi." Kisha twashangaa ukuta usipomgusa mtu.

Sisi twasema huko ni kumzimisha Roho. Katika Kutoka 31, Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili abuni kazi za ustadi. Watatujibu kwamba Musa alionyeshwa mfano mlimani. Naam, lakini alionyeshwa na Mungu, si na mchapa kalenda!

Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipochora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, alimweka Kristo katikati ya vilima na watu wa pale pale. Aombaye humo humwona Bwana aliyekuja kwao pia.

Basi tumpe msanii nafasi ya kusoma Neno, kuomba na kuwatazama majirani zake, na siku hizo tumlipe. Akileta tusichokitarajia, tusikimbilie kupaka chokaa. Kwanza tukae mbele yake, tuombe.