Bibi zetu waliidai kura, wewe umeifungia kabatini



Juzi tulikuwa mtaani, mlango kwa mlango, tukiwahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura. Dada mmoja wa miaka 22 akatuambia, "Kitambulisho ninacho, lakini hayo ni mambo ya kina baba." Nyumba ya tatu kutoka hapo, kaka mmoja akamjibia mkewe kabla hajafungua mdomo: "Wanawake wetu hawana haja na siasa. Hiyo ni mila ya Wazungu."

Ati mila ya Wazungu? Hebu tukae kidogo hapo.

Mkoloni aliwapa wanawake wa Kizungu wa Kenya haki ya kupiga kura mwaka 1919. Wanaume Waarabu wa Pwani nao wakaja kupata nafasi ya kumchagua mwakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1957 Waafrika wakachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, kwa masharti ya elimu, mali na mengineyo. Na mwanamke wa Kiarabu wa Mombasa? Jina lake halikuwemo.

Basi mwaka 1958, mamia ya wanawake hao wakatia sahihi ombi la maandishi kwa serikali ya kikoloni: na sisi tunataka kura.

Hawa ni wanawake wa buibui, wa udi na asumini, wa mji wenye vyama vya lelemama. Kwenye ngoma zile wanawake walijifunza kuchanga pesa, kuchagua viongozi na kukusanya watu. Miaka ya 50 wakaunda vyama vya wanawake wa Kiislamu, wakahimiza elimu ya wasichana. Bi Shamsa Muhamad Muhashamy alikuwa mmoja wa viongozi wao, na maisha yake yameandikwa kitabuni. Kwa hivyo usiniambie hatuna historia.

Ilipofika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima, mke kwa mume, alikuwa na haki ya kura. Bibi yako hakuletewa haki hiyo kwenye sinia. Iliombwa, ikadaiwa, ikatiwa sahihi.

Na kama tatizo lako ni dini, fungua Suratul Mumtahina, aya ya 12. Wanawake waumini wanamjia Mtume (S.A.W.) kutoa baia, na Allah anamwamrisha aipokee. Walikuja wenyewe, wakasema kwa ndimi zao. Sasa wewe nani, umsemee mkeo mlangoni?

Kaka, nakuambia kwa heshima. Kitambulisho cha mkeo si mali yako. Usikishike, usikifiche, wala usimwamrishe ampigie nani. Ukitaka kumshawishi, kaa naye mzungumze kama watu wazima. Kisha siku ya kura mbebe mtoto, aende apange foleni.

Dada, ukiwa nyumbani kuna wengine wanakuamulia. Maji yasipotoka mfereji, ni wewe unayebeba mtungi. Dawa zisipokuwepo zahanati, ni wewe unayelala macho na mtoto ana homa. Mwakilishi wa wadi anajua nani anapiga kura na nani hapigi, na mlango asiotarajia kura habishi hodi.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na usajili hufungwa kabla ya hapo. Usingoje foleni ya siku ya mwisho. Kama hujajiandikisha, chukua kitambulisho chako, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge lako. Kama huna kitambulisho, anza na hicho leo, maana sote tunajua safari yake inavyoweza kuwa ndefu. Na usiende peke yako. Mpitie dada yako, mama yako na jirani.

Bibi zetu walikwenda kwa mamia. Sisi tutashindwa kwenda wanne?